Shangazi wa Safari: Ukipanda Jabali, Lala Huko

Toleo lililopita nilitaja kwa kupitia tu kwamba msimu wa mawaridi wa Jabal Akhdar unakaribia. Barua zilizofuata zimenishinda kuzijibu moja moja, kwa hiyo ukurasa wote wa safari hii nimeutoa kwa vijiji vya milima ya Oman. Kwa wasionijua: mimi ni mtu wa Unguja, naishi Maskati tangu nilipoolewa, na kwao mume wangu ni bara ya huku, chini ya milima. Kupanda jabali kwangu ni harusi, misiba na Idi; matembezi yanakuja mwisho. Mwenye kutaka habari za hoteli zenye bwawa la kuogelea ukingoni mwa genge, hapa hatazipata.

*Shikamoo Shangazi. Nakuja Maskati mwezi wa nne kumtazama dada yangu. Ana siku mbili za mapumziko na ameniambia nichague kijiji chochote cha mlimani. Nimeona picha za Misfa na za Jabal Akhdar, zote zimenipendeza. Twende wapi? Na kwani siku moja haitoshi, tukashuka jioni?*
*Mama wa wawili, Mombasa*

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linaloharibu safari za watu. Siku moja haitoshi. Ukishuka jioni utakuwa umeona kuta za mawe na migongo ya wageni wenzako, basi.

Chukua Misfa, jina lake kamili Misfat al Abriyeen. Mwaka 2021 Shirika la Utalii Duniani liliitia kwenye orodha yake ya vijiji bora vya utalii, na sifa yake imefika mbali. Mchana vichochoro vimejaa watu wa kamera, wenyeji wamejifungia ndani na mapazia yameshushwa. Ikikaribia Magharibi mabasi madogo yanashuka kurudi Nizwa na Maskati, na kijiji kinarudi kwa wenyewe. Watoto wanatoka na mpira. Mama mmoja anafungua dirisha la juu na kumwita mwanawe kwa sauti ya kusikika bonde zima. Na mzee mwenye zamu ya maji anapita ukingoni mwa mfereji, jembe begani.

Mfereji huo ndio falaji. Oman ina falaji zaidi ya 3,000 zinazotumika hadi leo, na tano kati yake UNESCO ilizitia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji yanashuka kwa mteremko tu, hakuna pampu, na si ya kila mtu kuchota atakavyo kwa ajili ya shamba. Kila fungu lina mwenyewe, na linahesabiwa kwa muda. Kipimo cha zamani ni athari moja, kama nusu saa hivi. Mchana waliipima kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa nyota. Siku hizi wengi wanatazama saa ya mkononi. Lakini kazi yenyewe haijabadilika. Mzee anainama, anachomoa jiwe lililozungushiwa matambara kutoka kwenye tundu la ukuta wa mfereji, anaziba kwalo mkondo mkubwa, maji yanapinda kuingia kwenye ngazi yake ya mitende. Anakaa. Ikifika dakika ya mwisho, jirani yake amekwisha kusimama pale na tambara lake mkononi. Hawasemi kitu zaidi ya salamu. Mimi nimeolewa kwenye mambo hayo, na bado nikifika Misfa hukaa kitako kuwatazama. Sasa hayo utayaonaje ukiwa barabarani saa kumi na moja unawahi foleni ya Maskati?

Sasa mwende wapi. Misfa iko kwenye mita kama 1,000, juu ya mji wa Al Hamra. Kutoka Maskati ni barabara kubwa mpaka Nizwa, kama kilomita 160, kisha Al Hamra, kisha kupanda kidogo kwa lami. Gari dogo linafika. Linaachwa nje ya kijiji, kwa sababu ndani ni ngazi na vichochoro vya punda. Jabal Akhdar ni habari nyingine: uwanda wa Sayq uko kwenye mita 2,000 hivi, juu kuliko Nairobi, na vijiji vya Al Aqr, Al Ayn na Ash Shurayjah vimejishikiza kwenye mdomo wa bonde, vikiwa na matuta ya mashamba yanayoshuka chini yake mpaka unaogopa kutazama. Tende huko juu haistawi vizuri. Kuna makomamanga, lozi, aprikoti, pichi na mawaridi.

Kwa mwezi wa nne sina la kufikiri mara mbili: kama gari la dada yako linaruhusiwa (soma jibu la pili), nendeni Jabal Akhdar. Mawaridi yanachumwa kuanzia mwishoni mwa Machi mpaka mwanzoni mwa Mei, na yakipita yamepita. Fikeni adhuhuri, tafuteni chumba kwa mwenyeji mapema kwa simu, jioni tembeeni kwa miguu kutoka Al Aqr kupita Al Ayn mkiyafuata matuta, mlale, muamke kabla ya jua. Wachumaji hutoka alfajiri, kabla joto halijayanywa mafuta ya ua. Mkichelewa chai mtakuta vichaka vitupu.

Chukueni sweta. Najua mnakuja Uarabuni na mnafikiria jua. Usiku wa mwezi wa nne huko juu unauma, na Januari joto hushuka karibu na sifuri.

*Shangazi, rafiki yangu ameniambia polisi watanirudisha nikienda Jabal Akhdar na gari la kawaida la kukodi. Ni kweli au ananitisha ili nimkodi yeye?*
*Kijana wa Temeke*

Ni kweli. Pale Birkat al Mouz, chini kabisa mwa mlima, kuna kizuizi cha polisi, na anayepita ni gari la foo-wili peke yake. Watataka kuona leseni na karatasi za gari. Lami iko mpaka juu, nzuri kuliko barabara nyingi unazozijua. Tatizo ni mteremko. Watu walikuwa wakishuka na breki zinawaka, ndiyo maana utaona kando ya njia vile vichochoro vya changarawe vya kulinasa gari lililoshindwa kusimama. Kushuka tumia gia ndogo, mguu usikae kwenye breki.

Huna gari hilo? Acha lako Birkat al Mouz upande na dereva wa hapo. Patana bei kabla ya kufungua mlango. Na rafiki yako mkodi ukipenda, lakini hakudanganya.

*Asalaam aleikum Shangazi. Babu yangu mzaa baba alitoka vijiji vya Al Hamra, akafungua duka Tabora, akaoa kwetu, na hakurudi tena. Alifariki mimi sijazaliwa. Nina jina la kabila na majina ya baba zake wawili. Nimejaliwa nauli na nataka kufika kwao. Nitapokewaje? Nitakuta watu wanaojua Kiswahili?*
*Mjukuu, Tabora*

Waaleikum salaam, mwanangu. Jina la kabila uliloniandikia nimelificha, kwa sababu kila mwenye jina hilo atanigongea hodi. Barua yako nimeisoma na mume wangu usiku, na mengi ya majibu haya ni yake.

Kupokewa utapokewa. Mgeni mlimani hawezi kukaa kwenye gari lake muda mrefu. Atatoka mtu na birika la kahawa. Lakini kupokewa kama mgeni ni jambo moja na kupokewa kama mtoto wa fulani ni jingine, na hilo la pili lina taratibu zake. Usiende kugonga mlango. Mpigie kwanza mtu aliye Maskati mwenye jina hilo hilo. Wako wengi, na waliokulia Afrika hasa wako Maskati. Ilikuwa hivi: baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 watu walitawanyika, na Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi. Waliotoka Zanzibar, Kenya, Tanganyika, Burundi na kwingineko walikuja na shule na Kiingereza chao, wakaajiriwa serikalini na kwenye mafuta, wakajenga mjini. Kwa hiyo Kiswahili utakisikia Maskati madukani, hospitalini, kwenye harusi usiseme. Milimani usitegemee kukikuta kila mlango.

Ila usikate tamaa pia. Kwenye msiba mmoja huko Al Hamra niliwahi kukaa karibu na mzee, ndevu nyeupe, fimbo mkononi, Kiarabu chake cha milimani mpaka mimi nisielewe nusu yake. Aliposikia nazungumza na binti yangu, akainama akaniuliza kwa Kiswahili safi cha bara kama treni ya Kigoma bado inapita Tabora usiku. Alikuwa kijana wa duka huko, miaka hiyo. Huenda mzee wa namna hiyo ndiye atakayekutafutia nyumba ya babu yako, kwa hiyo salimia wazee wote, na sema "Tabora" mapema kwenye mazungumzo.

Huyo jamaa wa Maskati atakuunganisha na shekhe wa kijiji au na mtu mzima wa ukoo. Siku nzuri ni Ijumaa. Baada ya sala wanaume hukaa kwenye sabla, baraza ya kijiji, na hapo ndipo nasaba inapofunguliwa. Vaa kanzu. Sali nao; wao kwa madhehebu ni Maibadhi, mikono wanaishusha na hawaitikii "amin", na hakuna atakayekutazama vibaya kwa kusali ulivyofundishwa kwenu. Andika majina ya baba zake kwa hati ya Kiarabu kwenye karatasi kubwa, maana wazee macho hayasomi simu. Kama unajua jina la hara, yaani mtaa wa ndani ya kijiji, liandike juu kabisa. Hara moja ina thamani kuliko majina matatu, kwa sababu kina Muhammad bin Said huko ni kama mchanga.

Mtakula kwanza tunda au tende na halua, kisha kahawa, kisha ndio habari. Usianze na habari. Kikombe ni kidogo na kitajazwa tena na tena mpaka ukitikise mkononi ndipo anayemimina ajue umetosheka.

Zawadi: wewe una bahati, umetoka Tabora. Chukua asali. Waomani asali wanaijua na wanaiheshimu. Weka lebo, fungasha vizuri, na uliza mapema masharti ya forodha. Mtungi wa asali ya miombo utakufungulia milango ambayo barua yangu haiwezi kuifungua.

Na sasa lile ambalo mume wangu amenisisitiza niliandike. Usitaje urithi. Wala kwa utani. Usiulize shamba la babu lilikuwa upande gani, usiulize mitende mingapi, na usiulize kabisa fungu lake la maji. Mashamba na maji ya falaji yanarithiwa, yanauzwa, yana kumbukumbu zake, na wapo watu waliowahi kuja kutoka mbali na wakili begani. Ukilitaja, kahawa itakwisha mapema siku hiyo. Mambo ya uraia nayo yana ofisi zake Maskati, hayajadiliwi kwenye mkeka. Nenda ukaombe kuonyeshwa makaburi na nyumba aliyozaliwa. Wakitaka kukuonyesha na mitende, watakuonyesha wenyewe.

Ukipata viza ya kielektroniki ya Polisi ya Kifalme ya Oman, niandikie. Nambari ya mtu wa kuanzia Maskati nitakutumia kwa faragha.

*Bibi, mimi napiga picha kwa kazi. Nataka picha za wanawake wakichuma mawaridi na droni ikipita juu ya kijiji. Nizingatie nini?*
*Mpiga picha, Bujumbura*

Droni bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga usiitoe kwenye begi. Wanawake usiwapige bila kuwauliza, na wengi watakataa. Ukikubaliwa mikono na kikapu, shukuru. Karibu na Sayq kuna kambi ya jeshi, elekeza kamera kwingine. Vilevile paa unaloliona kutoka kwenye ngazi ni ua wa mtu. Watu wanaanika nguo huko, wanalala huko wakati wa joto.

*Shangazi mpenzi, nimeletewa chupa ya maji ya waridi kutoka Jabal Akhdar. Rangi yake ni ya chai nyepesi na yananuka moshi! Haya ya dukani ni meupe kama maji ya bomba na yananukia vizuri. Nimeuziwa yaliyoungua?*
*Bi Harusi Mtarajiwa, Mkunazini*

Hukuuziwa yaliyoungua, mwanangu, umeletewa ya asili, na aliyekuletea anakupenda. Ngoja nikueleze yanavyotengenezwa, kisha utaamua uyatie kwenye mrashi au uyafiche.

Chumba cha kupikia ni kidogo, cha mawe na udongo, kuta zimekuwa nyeusi kwa masizi. Upande mmoja kuna tanuri refu la udongo kama kaunta ya dukani, juu yake matundu yaliyopangwa mstari, na kila tundu limekalia chungu. Chini ni kuni. Chungu kinashindiliwa maua mpaka mdomoni, na katikati, juu ya maua, kinawekwa kibakuli kitupu. Kisha juu ya mdomo wa chungu linakaa bakuli la shaba lenye maji baridi, na pembeni panazibwa mvuke usitoroke. Moto unawashwa. Mvuke wa maua unapanda, unakutana na kitako cha shaba chenye baridi, unageuka matone, matone yanadondokea kwenye kibakuli. Maji ya juu yakipata moto yanabadilishwa. Kinachoinuliwa baada ya saa kadhaa ni kidogo kiasi cha kumkatisha tamaa asiyejua, na mara nyingine mpishi hurudia kwa maua mapya kabla ya kukubali kuwa imetosha.

Moshi wa kuni unaingia kila mahali, na huo ndio unaousikia. Kisha maji yanamiminwa kwenye mitungi na kuachwa yatulie kwa wiki kadhaa, takataka zizame, ndipo yatiwe chupani. Wapo siku hizi wanaotumia mitambo ya chuma na gesi, na yao yanatoka meupe, hayana moshi, watalii wanayapenda. Wazee wa huko ukiwapa hayo wanayanusa, wanasema "mazuri", na wanaitia chupa kabatini.

Ya moshi ndiyo ya kahawa na ya halua. Tone kwenye birika tu. Ndiyo yanayopakwa kichwani mtu akiumwa na kichwa. Kwa harusi yako, mimi ningejaza mrashi kwa meupe ya kurushia wageni, maana wageni wako ni wa Mkunazini na watasema nguo zimenuka jikoni, na haya ya Jabal ningeyaweka kwa ajili yangu mwenyewe.

Ukiweza kwenda kuyanunua huko huko, nunua kwa aliyeyapika. Riali moja ni zaidi kidogo ya dola mbili na nusu, kwa hiyo piga hesabu vizuri kabla ya kusema ni rahisi. Na usipatane bei mpaka ukaona aibu. Ukikumbuka magunia ya maua yaliyoingia kwenye chupa ile utanyamaza.

*Dada, mimi ni Mkristo, mwanamke, nasafiri peke yangu. Naogopa kwenda kijijini wakaniona sifai. Nivae baibui? Nifunike kichwa?*
*Msafiri wa Kisumu*

Baibui si lazima, dada yangu, na kuna wakati mgeni akilivaa bila kulizoea anajikwaa kwenye ngazi za Misfa mpaka tunamwonea huruma. Sketi ndefu au suruali pana, mikono iliyofunika viwiko, mtandio shingoni wa kuutumia ukihitaji. Mlangoni mwa Misfa kuna kibao kinachowaomba wageni wajistiri, na wanaovunja ombi hilo kila siku ni wale waliotoka mbali zaidi yako. Viatu vya kushika vizuri, mawe yameng'arishwa na nyayo za miaka na maji ya falaji hayakosi kumwagika.

Kuwa peke yako kuna faida moja usiyoijua: utaitwa jikoni. Mwanamume mgeni anaishia sabla. Wewe utakaa na wanawake, utaona mkate wa rakhal unavyopakwa kwa kiganja kwenye chuma cha moto, mwembamba mpaka unaona mwanga upande wa pili, na watakuuliza kama umeolewa, una watoto wangapi, na kwa nini si zaidi. Wajibu utakavyo. Mimi pia waliniuliza, na bado wananiuliza.

Misikiti ya vijijini usiingie. Ukitaka kuona msikiti kwa ndani, ule mkubwa wa Sultan Qaboos Maskati unapokea wasio Waislamu asubuhi, saa mbili mpaka saa tano, kila siku isipokuwa Ijumaa. Hapo kichwa lazima ufunike.

*Shangazi shikamoo. Nafanya kazi za ndani Maskati. Bosi wangu ni mtu mzuri, amenipa siku moja nitembee na mwenzangu. Hatuna gari. Tunaweza kufika huko milimani tukarudi?*
*Binti wa Lushoto*

Marahaba. Najua nimesema juu kwamba siku moja haitoshi. Ile ni kwa wenye siku mbili. Ninyi fanyeni hivi, na msipande juu.

Basi la Mwasalat la kwenda Nizwa linatoka Maskati. Ulizeni saa zake siku moja kabla, na ulizeni hasa la mwisho la kurudi. Mwambieni dereva awashushe Birkat al Mouz, au mchukue teksi ya rangi ya chungwa na nyeupe kutoka Nizwa kurudi nyuma kidogo. Birkat al Mouz iko chini ya mlima lakini ni ya mlima. Kuna mtaa wa zamani wa nyumba za udongo uliopanda kwenye mwamba, umebomoka, unaruhusiwa kuupanda taratibu kwa kutazama unapokanyaga. Chini yake migomba, migomba mitupu, na falaji ya Al-Khatmeen, moja ya zile tano za UNESCO, inapita humo. Wewe mtu wa Lushoto utakaa kwenye kivuli cha mgomba na maji baridi yanapita miguuni, na mwenzako ampigie mama yake video.

Bebeni kadi zenu za ukaazi, si picha ya kadi kwenye simu. Bebeni chakula, kwa sababu mikahawa hapo hufunga mchana. Bosi apewe jina la mahali na saa ya kurudi. Na kama wingu limejikusanya juu ya mlima, hata kama mlipo kuna jua, msikae kwenye bonde lenye mchanga mkavu: mvua inanyesha juu, maji yanafika chini kwa kishindo, hayasubiri mtu akusanye viatu. Hata dereva akiwaambia anaweza kulivusha gari lake, shukeni. Kuvuka wadi, yaani bonde kama hilo, likiwa limejaa maji ni kosa la kisheria huku, na watu wanakufa kila mwaka wa mvua.

*Tuna watoto wawili, saba na kumi. Wameona video ya watoto wanaruka kwenye birika la maji kijijini Misfa. Nao wanaweza?*
*Baba wa London*

Wanaweza, mahali panapofaa. Maji ya falaji yana utaratibu wake kutoka juu kwenda chini: pale yanapoingia kijijini ni ya kunywa, yanafuata ya kutawadha na kuoga, ya mwisho ni ya mashamba. Kwa hiyo wasichezee juu. Wakiwaona watoto wa kijiji wanaruka kwenye birika, waruke hapo hapo, na fulana mwilini, binti naye vivyo hivyo. Hakuna watoto? Uliza mtu kwanza. Sabuni hapana, hata ya kuoshea mikono.

Maji ni baridi kuliko wanavyodhani, taulo moja moja haitoshi. Na kwenye zile kona za kupandia wanao hao watatapika. Wape ndimu ya kunusa, wakae mbele kwa zamu, na usiwape juisi ya maembe Nizwa kabla ya kuanza kupanda.